Kompyuta ya gemu ya kupozwa kwa maji inazima? Shika saa kabla ya bisibisi

Mtu aliyejenga kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji, ikimzimikia katikati ya mchezo, mshukiwa wake wa kwanza ni maji. Anafungua kesi, anapapasa mabomba, anamwaga kila kitu, anafunga upya, na jioni inazima vilevile. Kati ya zinazoletwa kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nyingi zina mfumo wa maji usio na kasoro yoyote. Ugonjwa uko kwenye umeme, kwenye ramu au kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Nyingine ni maji kweli. Kuzitenganisha si kazi ya bisibisi, ni kazi ya saa: tangu mzigo uanze mpaka kompyuta izime, umepita muda gani?

Sababu ni fizikia ya shule. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji jouli 4,180 hivi. Prosesa na kadi ya grafiki zikitoa wati 400 kwa pamoja, na tuseme rejeta (sehemu yenye mapezi inayopoza maji kwa feni) haifanyi kazi hata kidogo, lita hiyo moja itapanda karibu nyuzi 6 kwa dakika. Maji yaliyoanza na nyuzi 31 yatachukua dakika tano kufika 60. Rejeta ikifanya kazi hata nusu, muda huo unakuwa mrefu zaidi, na pengine maji hayafiki huko kabisa. Kwa hiyo kompyuta inayozima sekunde kumi baada ya gemu kufunguka haijazimwa na maji ya moto. Maji hayajapata hata uvuguvugu.

Ikizima ndani ya sekunde chache, angalia umeme, mgusano wa bloku (kipande cha shaba kinachopitisha maji juu ya chipu) na prosesa, au pampu iliyosimama. Ikizima baada ya robo saa hadi saa nzima, angalia rejeta, hewa ndani ya kesi na joto la chumba. Ikizima wakati wowote, hata ukiwa unasoma barua pepe tu, achana na maji, nenda kwenye ramu na mipangilio. Na ile iliyokuwa nzuri tangu Kusi ikaanza kuchemka mwezi Februari ina sura yake peke yake huko chini.

Imezima vipi?

Mteja akinipigia simu, "Kaka, imezima tena," namuuliza kabla hajaipakia kwenye bajaji. Ilizima ghafla kukawa giza na feni zikanyamaza? Iliganda picha ikabaki kwenye skrini na sauti ikawa inakwaruza? Ilitoa skrini ya bluu? Au gemu ilijifunga tu na Windows ikabaki salama? Haya ni magonjwa manne, na dawa zake hazifanani.

Kisha fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, utafute dakika ileile ya tukio. Kernel-Power namba 41 utaikuta karibu kila mara, na wengi huishia hapo wakidhani wamepata jibu. Haikuambii sababu. Inasema tu kwamba Windows haikufungwa kwa utaratibu. Cha maana kimo ndani ya maelezo yake, mahali palipoandikwa BugcheckCode. Ikiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote: ama umeme ulikatika, ama mashine iliganda kabisa ukaizima mwenyewe kwa kitufe. Ikiwa namba nyingine, skrini ya bluu ilipita hata kama hukuiona. Namba hiyo huandikwa kwa desimali, kwa hiyo 292 ndiyo 0x124, kosa la vifaa lililoripotiwa na prosesa. 278 ni 0x116, draiva ya grafiki iliyoshindwa kuamka. 26 ni 0x1A, usimamizi wa kumbukumbu, na hapo ramu ndiyo ya kwanza kupimwa.

Sambamba na hilo, weka HWiNFO64, programu ya kusoma sensa za kompyuta, na uiache irekodi kwenye faili kila sekunde mbili wakati unacheza. Mashine ikizima, faili linabaki. Mstari wa mwisho ndio ushahidi: joto la prosesa, joto la kadi ya grafiki na lile la sehemu yake ya moto kuliko zote, mzunguko wa pampu, na joto la maji kama umefunga sensa. Sensa ya maji ni kitu cha bei ndogo, inafungwa kama fitingi na waya wake wa pini mbili unaingia kwenye mazabodi (bodi kuu) yenye nafasi hiyo. Mtu anayejenga mfumo wa maji bila sensa ya maji simwelewi.

Giza la ghafla

Tazama inavyorudi. Ukibonyeza kitufe cha mbele haiwaki mpaka uzime swichi ya nyuma ya pawa saplai, usubiri kidogo, uwashe tena, basi pawa saplai imejifunga yenyewe kwa kujilinda. Ama imezidiwa na mzigo, ama kuna shoti mahali. Kadi kubwa za grafiki huvuta umeme kwa miruko mifupi inayopita mbali wastani wake. RTX 4090 imeandikwa wati 450, lakini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inavuka hapo. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kiliwekwa kwa ajili hiyo: pawa saplai ivumilie hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Za zamani hazikuahidi hivyo, na ndiyo maana pawa saplai ya wati 750 iliyotulia miaka mitatu inaanza kuzima siku ulipobadilisha kadi.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa programu ya MSI Afterburner shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70, kisha cheza gemu ileile. Ikiacha kuzima, tatizo liko kwenye pawa saplai, kwenye kebo zake, au kwenye kadi yenyewe. Hakikisha kila tundu la umeme la kadi limepata kebo yake kutoka kwenye pawa saplai. Usitegemee kebo moja yenye vichwa viwili. Na usiazime kebo za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia. Upande wa kadi umesanifishwa, upande wa pawa saplai kila kiwanda kinapanga pini kivyake, na makosa hapo huunguza mazabodi.

Kwa kadi za kizazi kipya zenye kiunganishi cha pini 12 na nne ndogo, kisukume mpaka usione ufa wowote, na usikunje kebo ndani ya sentimita tatu na nusu za kwanza. Kwenye kesi ya maji hili ni gumu, maana bomba limepita hapo na kioo kinaibana kebo. Afadhali uhamishe bomba. Kukaa nusunusu ni sababu mojawapo iliyotajwa ya viunganishi hivi kuyeyuka kwenye baadhi ya RTX 4090.

Kama mashine inazima na kurudi yenyewe, toka nje ya kesi. Pawa saplai nzuri inakubali volti 100 hadi 240, hivyo umeme mdogo wa jioni peke yake hauizimi. Kinachoizima ni umeme kupotea kwa muda unaozidi milisekunde 16 hivi, kiasi ambacho taa inapepesa tu na hakuna mwingine nyumbani aliyegundua. Hapa stabilaiza inageuka mshukiwa. Zile za bei ya chini hubadilisha volti kwa rilei, na kila unaposikia "tak" ndani yake, kuna mkatiko mdogo wakati rilei inahama. Kama mashine inazima pamoja na mlio huo, umeshampata.

Na UPS? Watu wananunua yenye maandishi 650 wakidhani ni wati. Ni VA, yaani volti mara ampea, namba inayozidi wati. Wati zake halisi mara nyingi hazifiki 400, na kompyuta ya aina hii ikiwa kwenye gemu, pamoja na skrini mbili, inavuka hapo. Umeme ukikatika, UPS inabeba mzigo, inalia, inaachia. Kibaya zaidi, nyingi za bei hiyo zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi wakati wa betri, na pawa saplai kadhaa za kisasa haziupendi, zinazima papo hapo hata mzigo ukiwa mdogo. Tafuta inayotoa wimbi laini, na wati zake zizidi kile mashine inachovuta.

Kingine: ukigusa kesi ukiwa peku inakutekenya. Hiyo ni ethi (waya wa kwenda ardhini) haipo. Pawa saplai ina vichujio vinavyopeleka umeme kidogo kwenye bati la kesi ukitarajiwa ushuke ardhini. Ethi isipokuwepo unabaki hapo. Mwite fundi umeme apime soketi, na acha adapta za pini mbili. Friji, kama linatumia soketi moja na kompyuta, litafutiwe yake.

Joto linaruka hadi 100 ndani ya sekunde

Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 12 hadi 14 hujipunguzia kasi zikifika nyuzi 100, Ryzen 7000 zikifika 95, na 7800X3D ikifika 89. Kama unafungua Cinebench (programu ya kuitwisha prosesa mzigo mzito) na namba ya joto inaruka kutoka 45 hadi kikomo kabla hujapepesa jicho, huku maji yakiwa bado 32, joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye maji. Hapo rejeta hata ziwe kumi hazisaidii.

Pampu kwanza, kwa sababu kuiangalia hakugharimu kitu. Weka kidole kwenye tangi usikie mtetemo, kisha tazama maji kama yanakwenda. Pampu inaweza kuzunguka bila kusukuma: ikiwa imeshika hewa haina mzigo, na mzunguko wake unaosomeka huwa juu kuliko kawaida. Kwa hiyo namba kubwa ya mzunguko si habari njema peke yake. Inamisha kesi kushoto, kulia, mbele na nyuma huku pampu ikienda, mpaka mapovu yatoke tangini. Usiiache izunguke kavu hata kwa muda mfupi. Maji ndiyo yanayolainisha beringi yake.

Angalia pia inapata wapi umeme. Pampu ya aina ya D5 inavuta hadi wati 23, karibu ampea mbili. Vichwa vya kawaida vya feni kwenye mazabodi hutoa ampea moja. Umeme wake utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai, na waya wa kudhibiti tu ndio uende kwenye mazabodi. Halafu weka kasi yake isibadilikebadilike. Pampu iliyoachwa ifuate mpangilio wa kasi ya feni huwa inapungua mpaka inasimama wakati mashine imetulia, na ukirudi kwenye gemu inachelewa kuamka.

Pampu ikiwa nzima, bloku itoke. Ndiyo, inabidi umwage maji. Nilivyokuta mara kwa mara ni hivi: nailoni ya kulinda uso wa shaba haijabanduliwa, skrubu zimekazwa upande mmoja zikaisha ndipo upande wa pili ukaanza, bloku ikakaa upogo, au maji yanaingia kwenye tundu la kutokea. Hili la mwisho haliui mashine, linaongeza nyuzi kadhaa tu, lakini kwa joto letu kila nyuzi ina thamani. Kaza skrubu kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, zamu kwa zamu.

Upande wa kadi ya grafiki, linganisha joto la kawaida na lile la sehemu ya moto zaidi. Tofauti ya 10 hadi 15 ni nzuri. Ikipita 25, bloku haijakaa sawa, na mara nyingi kosa ni pedi za kumbukumbu, vile vipande laini vya kupitisha joto: ukiweka za milimita 1.5 mahali pa milimita 1, pedi zinainua bloku na chipu yenyewe haiguswi vizuri. Fuata kijitabu cha bloku, si macho.

Nusu saa nzuri, kisha inalegea

Huu ndio ugonjwa wa maji hasa, na ndipo ushauri wa kutoka nchi za baridi unapotupotosha. Kijana mmoja wa Chumbageni alinipigia akiwa na hofu:

"Fundi, maji yamefika 44, niizime?"

"Chumbani kwako kuna joto gani?"

"Sijui. Feni ya dari inazunguka."

Kapime. Maji hayawezi kupoa chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Kinachopima afya ya mfumo ni tofauti kati ya maji na hewa ya chumba, si namba ya maji peke yake. Mwandishi wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 akiona maji 32, tofauti ni 12. Wewe wakati wa Kaskazi, chumba kikiwa 32, ukiona 44, tofauti ni ileile 12. Mfumo wako ni mzima kama wake. Tofauti ya 10 hadi 15 chini ya mzigo mzito ni ya kuridhisha. Ikipita 20 kuna kitu.

Lakini usipumzike sana, kwa sababu kikomo cha juu hakihami kwa ajili yetu. Watengenezaji wa pampu kama D5 huweka mwisho wa nyuzi 60, na bomba ngumu za plastiki ya PETG huanza kulegea maeneo hayohayo. Bomba likilegea ndani ya fitingi linachomoka. Mimi nataka maji yasivuke 50. Kwa hiyo mtu wa Tanga hana akiba aliyonayo mtu wa Ulaya, na anailipia kwa rejeta. Kanuni ya mafundi ni kipande kimoja cha milimita 120 kwa kila wati 100. Kwa prosesa kubwa na kadi ya wati 450, rejeta mbili za milimita 360 ndipo mahali pa kuanzia.

Mpangilio wa rejeta kwenye mzunguko usikusumbue. Maji yakienda lita 100 kwa saa na kubeba wati 400, yanatoka na ongezeko la nyuzi tatu na nusu tu kuliko yalivyoingia. Tofauti kati ya sehemu ya moto na ya baridi ya mzunguko ni ndogo hivyo. Pita njia iliyo fupi na inayomwagika kirahisi siku ya kubadilisha maji.

Ikiwa tofauti imepita 20, fungua kioo cha mbele na cha pembeni, cheza dakika kumi na tano tena. Namba ikishuka sana, kesi yako haivuti hewa. Kosa la kawaida ni rejeta ya juu kulishwa hewa iliyokwisha pashwa na rejeta ya mbele. Feni zifuate joto la maji badala ya joto la prosesa, maana joto la prosesa linaruka kila sekunde na feni zinapiga kelele bure.

Kisha chumba. Maji hayaondoi joto nyumbani, yanalihamisha kutoka kwenye chipu hadi kwenye hewa unayopumua. Mashine inayokula wati 500 ni nusu ya pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka chumbani usiku kucha. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa madirisha kwa ajili ya mbu, hewa inapanda, maji yanaifuata, na baada ya saa moja unalaumu rejeta. Fungua mlango kabla hujanunua chochote.

Barafu kwenye tangi, ambayo kila msimu wa joto kuna mtu anaijaribu, achana nayo. Hewa ya pwani hii ina unyevunyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzi pungufu ya 25 hivi kinaanza kutoa jasho. Ukipoza maji chini ya hapo, bloku na mabomba yatadondosha maji juu ya mazabodi bila kuvuja popote. Kiyoyozi nacho kina mtego wake: mashine iliyozimwa usiku kwenye chumba cha nyuzi 21, asubuhi ukazima kiyoyozi na kufungua dirisha upepo wa bahari uingie, bati na vioo vyake vinalowa kwa muda. Iache ilingane na chumba kwanza ndipo uiwashe.

Skrini ya bluu, au inazima umekaa tu

Hapa sahau maji. Ingia BIOS, rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwanda, pamoja na EXPO au XMP, mipangilio ya kuiongezea ramu kasi. Cheza siku mbili. Ikitulia, ulichokuwa umekiwasha ndicho kinachokusumbua. Ramu za DDR5 nne kwa pamoja mara nyingi hazifiki kasi ambayo mbili zinaifikia, hata kama zote ni za kampuni moja. Ipime ramu kwa MemTest86, duru nne nzima. Kosa moja ni kosa. Na usishtuke mazabodi ya AM5 (soketi ya Ryzen za karibuni) ikikaa dakika kadhaa na skrini nyeusi baada ya kubadilisha ramu. Inajifunza ramu. Kuna waliokwishafungua bloku kwa sababu hiyo tu.

Waliopunguza volti za Ryzen kwa Curve Optimizer wajue kwamba ikizidi, mashine huvumilia Cinebench kwa saa nzima kisha inazima ukiwa unasoma habari. Mzigo mwepesi ndio unaoiumbua, kwa sababu hapo kiini kimoja kinaruka hadi kasi ya juu kabisa kwa volti ndogo.

Kwa wenye Intel za kizazi cha 13 na 14, i9 na i7 hasa, kuna jambo ambalo hakuna rejeta inayolitibu. Prosesa hizo zilikuwa zikiomba volti ya juu kupita kiasi na kuchakaa taratibu. Intel ilikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba kupitia BIOS, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Dalili inayojulikana ni gemu za Unreal Engine kulalamika kwamba kumbukumbu ya video imeisha huku kadi yako ina gigabaiti 16 zisizotumika. Sasisha BIOS hadi yenye 0x12B au ya baadaye. Ikiwa imeshaharibika, marekebisho hayairudishi; dai dhamana.

Gemu moja tu ikijifunga na nyingine zote zinakwenda, kagua mafaili yake kupitia Steam, ondoa draiva ya grafiki kwa DDU, programu ya kufuta draiva kabisa, kisha weka mpya. Usipoteze Jumamosi yako hapo.

Kadi inapotea

Hili ni la mifumo ya maji peke yake. Skrini inakuwa nyeusi, feni zinaendelea, na ukiwasha upya kadi haionekani. Kadi yenye bloku ya shaba ni nzito, na bomba ngumu lililokatwa fupi kidogo linaivuta nje ya nafasi yake kila linapopata joto. Kama mashine imesafiri, iwe ni kwa basi kutoka Dar es Salaam au kwa bajaji kutoka Pongwe, hapo ndipo pa kuanzia. Bomba lazima liingie kwenye fitingi bila kulazimishwa. Likiwa linahitaji kusukumwa ili lifike, likate upya.

Imevuja

Chomoa ukutani. Usihangaike na kitufe. Maji safi yaliyotoneshwa (distilled) hayapitishi umeme kirahisi, lakini yakishapita kwenye metali na vumbi yanaanza kupitisha, kwa hiyo usitegemee maandishi ya kwenye chupa. Mwaga mfumo, toa kilicholowa, ondoa betri ndogo ya mazabodi, safisha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini. Kukausha kwa hewa ya Tanga kunahitaji subira. Weka mbele ya feni siku mbili, usianike juani.

Chanzo mara nyingi ni oringi iliyobanwa upande au kukatwa na bomba lenye makali. Kila bomba gumu lisuguliwe mdomo mpaka kidole kisihisi kona, na oringi zilowanishwe kabla ya kuingiza. Ipo mifumo inayovuja baada ya saa ya gemu tu: maji yakipata joto mpira unalegea na shinikizo linaongezeka kidogo. Ndiyo sababu ya kupima kwa pampu ya hewa, nusu ya shinikizo la angahewa, mshale ubaki palepale kwa nusu saa kabla hujamimina tone lolote. Ukiwa huna kifaa hicho, washa pampu peke yake kwa plagi ya kuunganishia pawa saplai, ile inayoiwasha bila mazabodi, vifaa vingine vyote vikiwa havijapata umeme, tishu zikiwa chini ya kila fitingi, usiku mzima.

Ilikuwa nzuri, sasa inapanda polepole

Vumbi kwanza. Puliza rejeta kwa blowa kutoka upande wa ndani kwenda nje, ukishika mapanga ya feni yasizunguke. Nyumba za Raskazone na Sahare zina ziada ya chumvi, inayoshikana na vumbi kwenye mapezi na kuwa kama ukoko. Hapo brashi inahitajika. Chungulia na pawa saplai. Mijusi wanapenda joto lake, na mmoja akikanyaga vibaya unapata lile giza la ghafla tulilolianza nalo.

Vumbi likitoka na tofauti ikabaki juu, tatizo limo ndani. Maji yaliyowekwa yalikuwa ya wapi? Ya bomba yana dawa na madini. Ya kisima kwenye mkoa huu, wenye mawe ya chokaa kuanzia Pongwe hadi mapango ya Amboni, yanaacha magamba kwenye vijia vyembamba vya bloku. Tumia maji ya betri kutoka duka la spea, na usome chupa vizuri: yanayotakiwa ni yale ya kuongezea, yaliyotoneshwa, siyo asidi ya kujazia betri mpya, ambayo inauzwa rafu ileile. Weka dawa ya kuzuia ute wa kijani, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Mabomba laini yanayoonyesha ndani hutoa mafuta meupe yanayoziba bloku. Ya mpira mweusi wa EPDM hayana tabia hiyo.

Ukikuta unga mweupe kama jeli au vitobo kwenye metali, umechanganya alumini na shaba. Zikiwa kwenye maji yaleyale, alumini inaliwa. Rejeta ya pikipiki inavutia kwa bei, na gereji zinazo, lakini ni ya alumini, kama ilivyo kwa mifumo mingi iliyofungwa tayari kiwandani. Bloku ya shaba inataka rejeta ya shaba. Hakuna dawa ya kuongeza inayofuta kosa hilo moja kwa moja, inalichelewesha tu.

Ukifungua bloku, safisha vijia kwa mswaki laini na maji ya betri ya moto. Siki isiguse uso uliopakwa nikeli. Rejeta mpya pia isuuzwe kwa maji ya betri ya moto mpaka yatoke safi, kwa kuwa mabaki ya kulehemu ya kiwandani ndiyo huziba bloku ndani ya miezi ya kwanza. Oringi za bloku na za fitingi agiza Dar es Salaam kabla hujafungua chochote, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kijitabu. Za duka la mabomba zinafanana kwa macho, unene wake haufanani.